Kavoraiti na Deni la Mvutano

Mwaka 1901 H. G. Wells, mwandishi wa Uingereza, alitoa riwaya juu ya watu wawili waliofika mwezini. Hawakupaa kwa mbawa wala kwa baruti. Mmoja wao, mtaalamu aitwaye Cavor, alikuwa amebuni kavoraiti, kitu kizuiacho mvutano wa dunia kama pazia lizuiavyo mwanga. Chombo chao, tufe la kioo na chuma, kilizungushiwa mapazia ya kitu hicho. Yakifungwa yote, uzito wa tufe ulitoweka. Likifunguliwa lile lielekealo mwezini, mwezi ulilivuta.

Jules Verne wa Ufaransa hakuridhika. Mwaka 1903 alisema kwamba yeye hutumia fizikia, bali Wells huzua. Akataka aonyeshwe madini hayo. Katika riwaya yake ya mwaka 1865, wasafiri walirushwa kwa mzinga wenye urefu wa futi 900, yaani mita 274 hivi. Mzinga wajulikana na baruti yajulikana. Kwa hiyo hoja yake yaonekana kuwa na nguvu. Walakini hesabu haina upendeleo. Chombo kipatacho mwendo wa kilomita 11 kwa sekunde ndani ya mita 274 huwakandamiza waliomo kwa nguvu ipatayo mara 22,000 ya uzito wao. Wasafiri wa Verne wangalikufa kabla ya kutoka mdomoni mwa mzinga.

Kosa la kavoraiti ni la namna nyingine. Kuitoa kilo moja katika mvutano wa dunia kwahitaji nishati ya julu milioni 62 hivi. Lau pazia lingalifuta uzito bure, gurudumu lililowekewa pazia chini ya nusu yake lingalizunguka milele: upande mmoja ukishuka kwa uzito, wa pili ukipanda bila uzito. Nishati haizaliwi patupu; basi kuyafunga mapazia ya Cavor kungalidai nishati ileile aliyotaka kuikwepa.

Njia ya kweli ilikwisha kuandikwa. Mwaka uleule wa 1903 Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule huko Urusi, alichapisha hesabu za roketi, ambayo hulipa deni hilo kidogo kidogo kwa kuchoma akiba yake. Mwaka 1969 roketi ya Apollo 11 iliondoka na uzito upitao tani 2,800. Sehemu iliyorejea baharini na watu ilikuwa ya tani 5 hivi.

Je, Wells alistahili lawama ile? Alimwomba msomaji jambo moja lisilowezekana, akaliomba waziwazi, kisha akayatii matokeo yake: karatasi ya kwanza ya kavoraiti ilipokamilika, hewa iliyo juu yake ilipoteza uzito, ikapaa kwa kishindo, na dhoruba ikaibomoa nyumba ya Cavor. Verne aliuficha muhali wake ndani ya tarakimu. Riwaya zote mbili zilikopa katika elimu. Tofauti ni kwamba mmoja alikiri mkopo wake.