Nani Anaamua Darasani? Funzo la Litowa

Tunapojadili darasa linalokuza fikra za ubunifu, sisi makada hukimbilia madawati na vitabu. Vifaa vinahitajika, hilo hatubishi. Lakini historia ya nchi yetu inatulazimisha kuanza na swali jingine: ndani ya darasa hilo, nani anaamua?

Shule ya mkoloni ilijibu bila kificho. Watoto walikaa safu kwa safu wakimtazama mwalimu, wakakariri, wakatahiniwa. Aliyefaulu akawa karani. Aliyeanguka akarudi kijijini akijiona si kitu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akidai shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayejifunza kwa wengine bila kuwa kasuku wao, na anayejiamini.

Waraka huo uliwakuta wakulima wa Litowa, karibu na Songea, wamekwisha anza. Kijiji chao kilikuwa kiini cha Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma (RDA), na shule yake ilisomesha watoto wa vijiji vya jumuiya hiyo. Walimu waliishi kama wanakijiji wenzao. Wanafunzi walilima, na walishiriki kupanga mambo ya shule yao. Mtoto anayepanga lazima apime, akosee, na ajaribu njia nyingine. Hapo ndipo ubunifu unapozaliwa, hata chini ya paa la nyasi.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Walimu wa Litowa wakahamishwa.

Ndugu, mwaka 1962 Mwalimu aliandika Tujisahihishe. Basi hapa tujisahihishe. Chama kilekile kilichotaka vijana wanaodadisi kiliogopa wakulima wanaojiamulia. Na matokeo yake tuliyaona darasani. Katika shule nyingi shamba likawa kazi ya amri, pengine adhabu: mwanafunzi alipalilia mahindi, wala hakuulizwa kwa nini yamegeuka manjano. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani. Ni hatua tunayoiheshimu. Hata hivyo nafasi za sekondari zilibaki chache mno, mtihani wa darasa la saba ukabaki kuwa mlango wake, na mwalimu mwenye busara akaendelea kufundisha yale yatakayoulizwa.