Kununua farasi wa Kiarabu: majina yanayorudi kwenye karatasi ya ukoo

Farasi wa Kiarabu wa ukoo safi anauzwa pamoja na karatasi. Ni karatasi ya ukoo, wengine wanaiita pedigri: jina la farasi liko kushoto, baba juu, mama chini, kisha babu na bibi wanne, wazazi wao wanane, na nyuma yao kumi na sita. Vizazi 4 vinatoa majina 30. Muuzaji anapenda kuweka kidole kwenye jina lenye sifa. Mnunuzi aangalie kitu kingine: ni jina gani linarudi?

Jina moja likionekana upande wa baba na upande wa mama pia, maana yake wazazi wa farasi huyo ni ndugu. Mara mingi si ajali. Mfugaji alifanya vile makusudi, juu alitaka sifa za mkubwa mmoja zisipotee: paji pana, macho makubwa, mkia unaosimama wakati wa kukimbia, pumzi ya safari ndefu. Huku ndiko kuzalisha ndani ya ukoo, na kunaleta faida ya kweli. Watoto wanafanana, na mnunuzi anaweza kujua mbele ya wakati atapata mnyama wa namna gani.

Lakini kila kitu na kipimo chake. Ukipandisha farasi wawili waliozaliwa na baba mmoja na mama mbalimbali, hesabu ya udugu wa mtoto wao ni 12,5 kwa mia. Baba na binti yake, inapanda mpaka 25. Hesabu hiyo inaonyesha bahati ya mtoto kupokea kitu kile kile mara mbili, kwa baba na kwa mama, kutoka kwa mkubwa mmoja. Mfugaji wa ng'ombe wa Masisi ao wa Djugu anayebakia na dume moja miaka mingi anaijua shida hii bila karatasi yoyote: siku moja dume anapanda binti zake mwenyewe.

Zamani jangwani, Wabeduini walihesabu ukoo wa farasi kwa upande wa mama. Kuhaylan, Saqlawi, Hamdani, Ubayyan, Hadban: mtoto alibeba jina la mama yake, hata baba angekuwa nani. Majina hayo yangali yanatumiwa na wauzaji. Ila mtu akikuambia «huyu ni Saqlawi», amekuonyesha njia moja tu, ya mama wa mama wa mama. Kwenye ile safu ya majina kumi na sita, ni moja. Yale mengine kumi na matano hajayasema.

Wengi wanateleza wanapofikiri kwamba damu ya inchi ya mbali ni damu mpya. Nazeer alizaliwa Misri mwaka wa 1934, akawa dume wa mbegu huko El Zahraa, karibu na Kairo. Watoto wake wawili, Hadban Enzahi na Ghazal, walipelekwa Marbach, Ujerumani, mwaka wa 1955. Mwingine, Aswan, Misri ilimtoa zawadi kwa Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1963, akaenda Tersk. Morafic naye alifika Texas mwaka wa 1965. Basi mtu anaweza kununua dume Ujerumani na jike Marekani, alipe ndege mbili, na nyumbani akute amepandisha Nazeer kwa Nazeer. Karatasi ya vizazi 4 pengine haitamuonyesha, njo maana ni vizuri kuomba ya vizazi 6 ao zaidi.

Hatari iko wapi? Iko kwenye magonjwa yanayojificha. Kuna moja linaloitwa SCID: mtoto anazaliwa mzuri, maziwa ya kwanza ya mama yanamlinda kwa muda, kisha nimonia inamshika kwa sababu mwili wake hauna askari. Anakufa kwa kawaida mbele ya kutimiza miezi 5. Jeni yake ilijulikana mwaka wa 1997. Uchunguzi wa Marekani ulikuta karibu farasi wa Kiarabu 8 kwa 100 wanaibeba. Mbebaji mwenyewe ni mzima, anakimbia, anashinda mashindano. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana hatari ya 1 kwa 4 ya kuwa mgonjwa. Mkubwa mwenye sifa akiwa mbebaji na jina lake liko pande zote mbili, jeni ina barabara mbili za kupita. Kuna pia ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtoto atetemeke kichwa na kukosea kupima hatua, na mwingine, unaojulikana zaidi katika koo za Misri, ambao mtoto anazaliwa na rangi iliyofifia na hawezi kusimama.

Mbebaji si wa kutupwa. Akipandishwa na farasi asiye na jeni hiyo, hakuna mtoto atakayeugua. Sharti tu mnunuzi ajue.

Miguu na kwato vinaangaliwa na veterinere, sawa na kwa farasi yeyote. Aone pia mama na ndugu wa farasi yule, kama wako karibu, juu karatasi haikimbii. Nywele chache za mkia zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha labo kupima magonjwa haya matatu. Namba ya farasi kwenye jibu la labo ilinganishwe na ile ya karatasi ya ukoo, mbele feza hazijatoka.