Nani mwenye mazungumzo? Historia fupi ya hataza katika michezo ya video



Wengi wetu tulikua tukicheza mchezo mmoja usiohitaji umeme wala skrini. Jioni mkubwa mmoja anasema "Kitendawili!" na watoto wote wanajibu "Tega!" Anatega, mnajaribu kufungua, mkishindwa mnampa mji, yeye anatoa jibu. Ukiangalia vizuri, ule ni mfumo wa mazungumzo kabisa. Kuna zamu, kuna jibu linalofungua njia na jibu linalofunga, na kuna bei ya kushindwa. Hakuna mtu aliyeenda ofisini kuuandikisha kwa jina lake. Kama angeenda, tungemcheka.

Lakini mwezi wa Desemba 2011, kule Marekani, kampuni ya Electronic Arts ilipewa karatasi ya leta inayosema hivi kwa kifupi: namna hii ya kupanga na kuchagua majibu ndani ya mazungumzo ya mchezo wa video ni yetu, mwingine asiitumie bila ruhusa. Karatasi hiyo ni hataza, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa Kifaransa kama brevet. Namba yake ni 8,082,499.

Mtu atauliza: hiyo inatuhusu nini, sisi wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi? Inatuhusu, na tutafika huko. Lakini kwanza tuone historia, juu bila historia mtu anaogopa kisichoogopwa na anadharau kinachouma.

1. Kabla ya gurudumu

Michezo ya kuigiza uhusika, ile ambayo unamvaa mtu fulani na kutembea naye ndani ya hadithi, ilikuwa na shida moja tangu mwanzo: namna gani mchezaji ataongea na mashine?

Jibu la kwanza lilikuwa kuandika. Katika Ultima IV ya mwaka 1985, unakutana na mtu kijijini, unamwandikia neno moja, kama "jina" ao "kazi", naye anakujibu. Ulipaswa kuwa na daftari pembeni, maana neno alilolitaja mmoja njo ufunguo wa kumfungua mwingine.

Jibu la pili lilikuwa orodha. Katika Baldur's Gate ya 1998, iliyotengenezwa na BioWare ya Canada, mtu anaongea, na chini yake unaona sentensi nzima zenye namba: 1, 2, 3. Unasoma zote, unachagua moja. Ilikuwa kama kusoma kitabu ambacho wewe njo unaamua ukurasa unaofuata.

Orodha ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta, ambako uso wako uko karibu na skrini. Lakini michezo ilipohamia kwenye konsoli na televisheni ya sebuleni, mchezaji alikuwa amekaa mbali kwenye kiti, mkononi ana maneti tu. Maandishi madogo yanamsumbua. Tena BioWare ilitaka jambo jipya: shujaa mwenyewe awe na sauti ya mwigizaji. Sasa fikiria: unasoma sentensi nzima, unaichagua, halafu unamsikia shujaa akiirudia neno kwa neno. Inachosha.

Njo hapo lilizaliwa gurudumu la mazungumzo, katika mchezo wa Mass Effect, uliotoka Novemba 2007. Badala ya orodha, majibu yamepangwa kuzunguka duara. Kila pembe ina maana yake ambayo haibadiliki. Upande wa kulia unasukuma mazungumzo mbele, upande wa kushoto unachimba habari zaidi. Juu kuna jibu la upole, chini kuna jibu la ukali. Na kinachoandikwa si sentensi kamili, ni muhtasari wa maneno machache. Unasukuma kijiti cha maneti upande unaotaka, hata kabla mwenzako hajamaliza kuongea, na mazungumzo yanaendelea kama ya watu wawili wenye pumzi.

Baada ya saa chache, mkono unajua njia wenyewe. Huyu ananikasirisha, nasukuma chini. Huyu nataka kumsikiliza, nasukuma kushoto.

2. Kilichoandikishwa hasa

Hapa watu wengi wanakosea. Wanasikia "wameandikisha mazungumzo" wanapiga kelele. Hapana. Hakuna hataza inayoweza kumiliki mazungumzo. Hataza inamiliki namna fulani ya kufanya kitu, yenye mipaka iliyoandikwa. Ombi lililoanzishwa na BioWare, kampuni ambayo Electronic Arts iliinunua baadaye, lilizungumzia duara lenye nafasi, aina ya jibu iliyofungwa kwenye nafasi yake, na kuchagua kwa kuelekeza. Ukitengeneza mchezo wenye orodha ya namba, haikugusi. Ukitengeneza mchezo wa kuandika maneno, haikugusi.

Tena hataza haizai milele. Marekani, kwa kawaida inadumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, na ofisi ikichelewa kulijibu ombi, siku fulani zinaweza kuongezwa. Baada ya hapo, kitu kinakuwa cha watu wote. Njo mapatano yenyewe: unaeleza uvumbuzi wako hadharani, leta inakupa muda wa kuula peke yako, halafu jamii inarithi.

Mapatano hayo ni mazuri kwa dawa ao kwa mashine iliyogharimu miaka ya maabara. Swali la kweli ni hili: je, yanafaa kwa duara lenye majibu sita?

Wazungu wenyewe hawakubaliani. Mkataba wa Ulaya juu ya hataza, wa 1973, unasema kwamba kanuni za kucheza michezo na programu za kompyuta, zikiwa peke yake, si uvumbuzi. Marekani mlango ulikuwa wazi zaidi, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2014, katika kesi ya Alice, kwamba wazo tupu halipati hataza kwa sababu tu limetiwa ndani ya kompyuta.

3. Kesi ya midomo

Baada ya uamuzi huo, kesi kubwa ya mazungumzo ya michezo ilitoka upande ambao wachezaji hawakuutazama: midomo.

Mhusika wa kompyuta anapoongea, mdomo wake lazima ufuate sauti. Zamani wachoraji waliupanga kwa mkono, herufi kwa herufi, na kazi hiyo ilikula siku nyingi. Kampuni ya McRO ilikuwa na hataza za kanuni zinazofanya kazi hiyo zenyewe: ukipewa mfuatano wa sauti, kanuni zinaamua mdomo ufunguke kiasi gani na wakati gani. McRO ilizishitaki kampuni nyingi za michezo, zikiwemo Bandai Namco, Sega, Square Enix na hiyo hiyo Electronic Arts. Unaona? Mwenye hataza leo ni mshitakiwa kesho.

Mwaka 2014 hakimu wa California alisema hataza hizo ni wazo tupu, azifute. Septemba 2016 mahakama ya rufaa ikageuza: hapana, hizi ni kanuni maalum, si wazo la jumla, zinastahili hataza. McRO ilishangilia. Lakini kesi iliporudi chini, ilionekana kwamba njia za washitakiwa hazikuwa zile zilizoandikwa ndani ya hataza, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilikubali hilo. McRO ilishinda hoja, ikapoteza kesi.

Wanafunzi wa sheria, msomeni huyu McRO. Anatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Ukitaka hataza yako isimame, iandike kwa undani. Lakini ukiiandika kwa undani, mwenzako anapita pembeni.

4. Adui anayekumbuka

Mfano wa tatu njo unaoleta hasira zaidi. Mwaka 2014 ulitoka mchezo wa Middle-earth: Shadow of Mordor, uliotengenezwa na Monolith chini ya Warner Bros. Ndani yake, adui aliyekuua hapotei. Anapandishwa cheo kwa sababu yako. Mkikutana tena, anakukumbusha: mimi njo nilikuangusha siku ile. Ukimchoma moto akapona, atarudi na makovu na atakuongelea juu ya ule moto. Yaani mazungumzo hayachaguliwi kwenye orodha, yanazaliwa na historia yenu wawili.

Warner Bros. ilipewa hataza ya mfumo huo Februari 2021. Ikiendelea kulipiwa ada, inatarajiwa kudumu mpaka 2036. Na Februari 2025 Warner Bros. iliifunga studio ya Monolith. Tafakari: watu waliovumbua wametawanyika, lakini karatasi bado iko hai, inalinda mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Hapa mimi naona ubaya wa kweli. Hataza inapomlinda anayefanya kazi, tunaweza kuivumilia. Inapobaki kama kufuli juu ya shamba ambalo halilimwi, nani anakula?

Lakini tuwe wa haki. Hao hao Electronic Arts, mwaka 2021, waliahidi kuachia wengine bure hataza kadhaa zinazosaidia wachezaji wenye ulemavu. Moja ni ule mfumo wa Apex Legends wa kuwaonyesha wenzako adui ao kitu bila kutumia sauti. Kwa hiyo kufuli linaweza kufunguliwa na mwenye ufunguo akitaka.

Na gurudumu je, liliua uvumbuzi wa wengine? Ukweli ni kwamba wengine walipita njia nyingine. Alpha Protocol ya 2010 ilimpa mchezaji tabia za kuchagua huku saa inakimbia. Disco Elysium ya 2019 ilirudi kwenye safu ya maandishi marefu, ikapendwa sana. Hata muhtasari wa gurudumu wenyewe ulilalamikiwa: unachagua neno la upole, shujaa anatoa matusi. Si kila kilichoandikishwa ni dhahabu.

5. Sasa sisi

Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya tarehe 7 Januari 1982. Wakati huo Pac-Man alikuwa hajafikisha hata miaka 2. Kongo yetu haimo ndani ya OAPI, ile jumuiya ya hataza yenye makao Yaoundé, ingawa jirani zetu wa Brazzaville wamo. Na hataza ina mipaka kama nchi: ile ya Marekani haina nguvu Lubumbashi. Kijana anayetengeneza mchezo wake hapa na kuuza hapa, gurudumu halimfungi. Lakini siku atakapouweka kwenye duka la intaneti wanunuzi wa Marekani waununue, ameingia kwenye uwanja wao na sheria zao.

Hiyo si ndoto. Wacameroon wa Kiro'o Games walitoa Aurion mwaka 2016 kutoka Yaoundé, mchezo wa kuigiza uhusika wenye hadithi ya Kiafrika, na ulinunuliwa mbali na kwao. Kesho itakuwa zamu ya mmoja wetu.

Kwa huyo mmoja, niache mambo matatu.

Kwanza, hadithi yako, maneno ya wahusika wako na kodi uliyoandika vinalindwa na haki ya mwandishi. Kwetu kuna sheria ya tarehe 5 Aprili 1986. Hapo hauhitaji hataza. Weka tarehe, weka majina ya wote walioshiriki, weka makubaliano kwa maandishi, hata kama ni ndugu yako.

Pili, kama umevumbua namna mpya kabisa, amua kabla ya kuongea. Ukiitangaza hadharani, hakuna mwingine atakayeweza kusema baadaye kwamba ni mpya na ni yake. Lakini wewe pia unaweza kupoteza nafasi. Marekani wanakupa mwaka mmoja baada ya kutangaza, Ulaya kwa kawaida hawakupi hata siku moja. Wangapi kati yetu wanamwaga wazo lote kwenye video ya dakika mbili ili wapate likes, halafu wanalia?

Tatu, tuandike vya kwetu. Ofisi ya hataza inapotafuta kama kitu ni kipya, inatafuta kwenye maandishi. Kilichobaki mdomoni mwa wazee haikioni. Namna zetu za kuulizana na kujibizana, za kusuluhisha ugomvi barazani, za kutega na kufungua, ni mifumo ya mazungumzo iliyokomaa. Mwanafunzi anayeandika mémoire yake juu ya mambo hayo, kwa undani na kwa tarehe, amefanya kazi mbili: amehifadhi urithi, na amewawekea wengine ushahidi kwamba kitu hicho kilikuwako.

Kitendawili hakina mwenyewe, na kibaki hivyo. Lakini kitu kisicho na mwenyewe wala maandishi, mgeni akikiokota njiani ataamini kwamba ni yeye amekizaa. Na sisi tutakuwa tumempa mji bure.