Mgeni Mpe Jembe

Msomaji, fikiri kwamba umehamia nchi ya mbali pamoja na wazazi wako. Asubuhi waingia darasani. Mwalimu asema neno, wenzako wacheka, nawe hujui lililosemwa. Unalo dawati kama lao, kitabu kama chao, na mwalimu ni yule yule. Je, umetendewa sawa na wao?

Swali hilo liliulizwa mjini San Francisco, Marekani. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia mlango Wachina wengi, na kufikia mwaka 1971 shule za mji ule zilikuwa na wanafunzi 2,856 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza. Wapatao 1,000 walipewa masomo ya ziada ya lugha. 1,800 hivi hawakupata msaada wo wote. Wakuu wa elimu walijitetea kwamba hawakumbagua mtu, maana kila mtoto alipewa kilekile.

Wanafunzi na wazazi wao wakaenda mahakamani, wakashindwa mara mbili. Hawakukata tamaa. Tarehe 21 Januari 1974, katika kesi iitwayo Lau v. Nichols, majaji wote wa Mahakama ya Juu waliwapa haki. Jaji William O. Douglas alieleza kwamba vitabu na walimu walio sawa havileti usawa kwa mtoto asiyeielewa lugha ya masomo. Shule zikatakiwa kuwasaidia. Lakini jinsi ya kuwasaidia, mahakama haikuamua.

Na katika jinsi hiyo pana hatari nyingine, kama Uingereza ilivyokuja kutambua. Huko, tangu miaka ya 1960, zilifunguliwa nyumba za kuwafunza Kiingereza watoto wa wahamiaji. Nia ilikuwa njema. Walakini baadhi ya watoto walitengwa na shule za kawaida, wakakosa masomo mengine pamoja na marafiki wa kusema nao lugha ile ile waliyokuwa wakijifunza. Mwaka 1986 Tume ya Usawa wa Rangi ilitoa taarifa juu ya wilaya ya Calderdale, ikasema kwamba utaratibu huo ulikuwa ubaguzi uliovunja sheria. Tangu hapo walimu wa lugha walizidi kuingizwa madarasani, wamsaidie mgeni akiwa kati ya wenzake.

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto wa San Francisco alikaribishwa shambani bila jembe. Yule wa Calderdale alipewa jembe, akazuiwa kuingia shambani. Wote wawili hawakuweza kulima.

Basi, msomaji, akija mgeni kuketi karibu nawe, usimcheke anapokosea neno. Mwalimu atamfundisha sarufi. Bali kuzungumza atajifunza kwako.