Mbegu za Ujiji na Wenyewe

Katika mazungumzo haya hatutasimulia habari za vita wala za wafalme. Twataka kusimulia habari za punje ya haragwe, na kipande cha muhogo, na kokwa ya chikichi. Vitu hivi navyo vina tarikhi yake, na hapa kwetu Kigoma na Ujiji tarikhi hiyo ni ya zamani kuliko reli iliyotufikia mwaka 1914, tena ni ya zamani kuliko miembe ya Ujiji ambayo wageni huja kuitazama. Na ndani yake limo swali ambalo mahakama na mabunge ya siku hizi yanaulizana: mbegu waliyoitunza wazee wetu, wakaichagua, wakagawiana bila ya hati, ni mali ya nani?

Katika mwezi wa Februari mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji na msafara wao kutoka pwani. Burton alikuwa mtu wa maneno makali juu ya watu wetu, na mengi aliyoyaandika hatuyapendi. Lakini alipotazama sokoni alitazama vema. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 alitaja mtama na ulezi, maharage ya namna mbalimbali, karanga, njugu mawe, muhogo, viazi vitamu, viazi vikuu, biringanya, matango, miwa, tumbaku, ndizi, na matunda ya mchikichi. Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1876, Henry Stanley naye alikaa Ujiji, akaona soko lile lile limejaa watu wa kabila nyingi za pande zote za ziwa, wakiuziana kwa ushanga uitwao sofi.

Sasa tuitazame tena orodha ile, maana ina jambo la ajabu. Mtama, ulezi, njugu mawe na mchikichi ni watoto wa Afrika. Ndizi, miwa na biringanya asili yao ni Asia. Lakini muhogo, karanga, viazi vitamu, tumbaku na yale maharage, asili yao ni Amerika, na mahindi kadhalika. Vilivuka bahari katika merikebu za Wareno baada ya mwaka 1500. Basi Mzungu wa kwanza kuandika habari za Ujiji alipokanyaga pwani ya ziwa letu, alikuta mimea ya Amerika imekwisha kuwa chakula cha wenyeji, nayo ina majina ya hapa.

Je, ni nani aliyeileta? Hakuwako bwana shamba, wala chuo cha kilimo, wala duka la mbegu. Ililetwa mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji. Mtu huenda kumposea mwanawe upande wa pili wa ziwa, akarudi na fungu la mbegu. Mwanamke huolewa mbali, akaja na maharage ya mama yake yamefungwa katika pindo la nguo. Wala tusisahau ya kwamba njia zile zile za biashara zilipitisha pembe za ndovu na watumwa waliofungwa minyororo, na wanyonge hao nao walikuwa wakulima wenye maarifa yao.

Na kuleta si kazi yote. Haragwe likiletwa huonekana la kigeni. Udongo ni mwingine na mvua ni nyingine. Mwenye shamba hupanda, akatazama, akaweka kando zile punje za mimea iliyovumilia, na mwaka wa pili akafanya vile vile. Mahindi mazuri hutundikwa juu ya meko, moshi ukayalinda na wadudu. Kazi hiyo ikifanywa kwa miaka mia mbili au mia tatu, mbegu ya ugenini huwa mbegu ya nyumbani. Watu wa maarifa ya mimea huiita kazi hii uchaguzi na uzalishaji wa mbegu, nao husomea miaka mingi. Bibi zetu waliifanya bila ya cheti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake.

Walakini si kila mbegu iliyopata mlezi. Burton asimulia ya kwamba zamani Waarabu walilima mpunga mzuri sana kando ya ziwa, nao ulisemwa kuwa ulifika urefu wa futi 8 au 9. Wenyeji waliupenda mtama zaidi. Tena nyani, tembo na viboko waliwachosha wakulima kwa kuwaharibia mashamba. Hata mpunga ule ukafifia. Leo mpunga unalimwa tena katika bonde la Luiche, karibu na Ujiji. Lakini tuangalie sababu ya mpunga ule wa kwanza kufifia: Burton hasemi habari za jua kali wala maradhi, asema watu walichoka kuulinda.

Sasa tuje kwenye mchikichi, mti ambao kwa ajili yake watu wa Dar es Salaam wakisikia jina la Kigoma hukumbuka mawese. Mti huu ulitoka Afrika ya magharibi, ukapita Kongo, ukafika ziwani. Mchikichi wa kale wa hapa kwetu ni wa aina waiitayo dura. Kokwa yake ina ganda nene, na nyama inayotoa mawese ni kidogo. Lakini ndani ya kokwa mna kiini kikubwa, nacho hutoa mafuta ya mise. Iko aina nyingine, pisifera, ambayo kokwa yake haina ganda, lakini mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Mwaka 1941 wataalamu wawili wa kituo cha Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, walitangaza siri ya miti hii: dura ikichanganywa na pisifera, huzaliwa tenera, yenye ganda jembamba, nyama nyingi, na mafuta mengi kuwashinda wazazi wote wawili.

Habari hiyo ni njema, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kulihimiza zao la mchikichi kwa nguvu, kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa Kigoma, kimekuwa kikizalisha miche ya tenera kwa ajili ya wakulima. Sisi hatuna neno la kuipinga kazi hiyo. Mti unaozaa mafuta mengi katika shamba lile lile ni msaada wa kweli. Lakini wanafunzi wachukue kalamu wafanye hesabu hii. Mkulima akiokota kokwa 100 zilizozaliwa na tenera kwa tenera, akazipanda, kwa kadiri atapata dura 25, tenera 50, na pisifera 25 zisizo na faida. Naye hatazitambua machipukizi. Atangoja miaka mitatu au minne mpaka miti izae. Kwa hiyo mwenye kupanda tenera hana budi kurudi kwa mtaalamu kila atakapo miche mipya. Zamani kokwa iliyodondoka chini ya mti wa baba yake ilimtosha.

Tena tufikiri. Tenera haizaliwi bila mama wa dura. Mkulima wa Ilagala au Simbo akiambiwa ang'oe miti ya kale yote, na jirani yake vile vile, mpaka pwani nzima iwe na miti ya namna moja, wataalamu wa kesho watapata wapi mama wa kuzalia miti mipya? Mti wa kale uliokwisha kuzoea udongo wetu na maradhi yetu si takataka. Ni akiba, na walioiweka akiba hiyo ni wakulima.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Katika miaka ya 1930, huko Amani katika milima ya Usambara, H. H. Storey na wenzake walitafuta muhogo usioshindwa na batobato na michirizi ya kahawia. Walijaribu mihogo mingi, kisha wakaichanganya na jamaa zake, mmojawapo ukiwa mti wa mpira wa Ceara, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake tu. Ni nani angedhani kwamba mti ule usio chakula ungeufaa muhogo? Lakini uzao wa kazi ile ya Amani ulipelekwa Nigeria, na wataalamu wa huko wakautumia kuzalisha mihogo yenye nguvu iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika. Hata batobato kali iliyozuka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ikashuka mpaka mashamba yetu ya Kigoma, wakulima walihitaji mihogo yenye damu ya namna ile.

Haya, tuseme habari za sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Mbegu mwaka 2003, na sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mwaka 2012. Na mwaka 2015 ikaingia katika umoja wa mataifa uitwao UPOV. Mtu aliyetumia miaka 10 kuzalisha aina mpya apewe haki yake na malipo yake. Hilo ni haki. Nayo haki hiyo haiigusi mbegu ya kale ya bibi yako, kwa kuwa hutolewa kwa aina mpya tu. Lakini mkataba wa UPOV wa mwaka 1991 waziachia nchi, zikipenda na kwa mipaka, zimruhusu mkulima kupanda tena alichokivuna katika shamba lake mwenyewe. Ruhusa hiyo haivuki mpaka wa shamba. Kumpa jirani fungu la mbegu ya namna hiyo ni jambo jingine, na hapo ndipo desturi iliyoijaza soko la Ujiji inapokutana na sheria.

Upande wa pili uko Mkataba wa Kimataifa juu ya mbegu za chakula, uliokubaliwa mwaka 2001 na kuanza nguvu mwaka 2004, na Tanzania imo. Kifungu chake cha 9 chataja haki za wakulima: maarifa yao yalindwe, wapate fungu katika faida inayotokana na mbegu, nao washiriki katika kukata mashauri yahusuyo mbegu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulitangaza pia ya kwamba mkulima ana haki ya kuweka, kutumia, kubadilishana na kuuza mbegu zake. Na kwa jirani zetu wa Kenya, wakulima 15 waliipeleka sheria ya mbegu ya nchi yao mbele ya Mahakama Kuu, na mwezi wa Novemba 2025 wakashinda.

Tuwape habari moja ya mwisho, kwa kuwa yahusu maharage ya njano kama yauzwayo katika masoko yetu ya Kigoma. Mwaka 1994 mtu mmoja wa Colorado, Marekani, alinunua mfuko wa maharage ya mchanganyiko huko Mexico. Akachagua ya njano, akayapanda misimu michache, na mwaka 1999 akapewa hati ya serikali ya kuyamiliki. Kisha akawadai malipo wale walioingiza Marekani maharage ya njano kutoka Mexico, kule kule alikoyanunua! Kituo cha utafiti cha CIAT, nchini Colombia, kiliipinga hati ile. Shauri likaenda karibu miaka 10. Mwaka 2008 hati ikakataliwa, na mwaka 2009 mahakama ikathibitisha. Kilichosaidia sana ni kwamba CIAT ilikuwa na maharage ya njano ya Mexico ghalani mwake, na daftari zinazoonyesha yalikotoka.

Basi wanafunzi wa Ujiji, Mwandiga, Kalinzi na kwingineko, wakati wa likizo chukueni daftari, mwende kwa bibi na mashangazi. Mwombeni kila mmoja akuonyesheni mbegu alizo nazo, moja moja. Andikeni jina la mbegu kwa Kiha kama alitamkavyo, rangi yake, hupandwa mwezi gani na huvunwa lini, alipewa na nani, na kijiji gani. Andikeni na tarehe, kisha daftari liwekwe shuleni mahali pakavu, pamoja na punje chache za kila namna katika chupa iliyofungwa vema.