Historia ya Uchunguzi wa Lugha za Kimunda

Mwanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu hukutana na lugha za India kwa milango miwili: Kisanskriti, ambacho kiliwaelekeza wataalamu wa Ulaya kwenye isimu linganishi, na lugha za Kidravidi za kusini. Jamii ya tatu, yaani lugha za Kimunda, hutajwa kwa mstari mmoja, kisha ukurasa hufunuliwa. Kurasa hizi zinakusudia kurefusha mstari huo kidogo. Sababu yetu si udadisi mtupu: baadhi ya maswali yaliyoulizwa na wachunguzi wa lugha hizo, hasa kuhusu nomino na kitenzi, yanamgusa kila anayeandika sarufi ya lugha ya Kibantu.

Lugha za Kimunda husemwa mashariki na katikati ya India, kuanzia uwanda wa juu wa Chota Nagpur, ambao sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Jharkhand, hadi milima ya Odisha. Katika sensa ya mwaka 2011 Kisantali kilikuwa na wasemaji zaidi ya milioni 7. Kiho na Kimundari kila kimoja kilipita milioni 1. Kikorku kimejitenga mbali upande wa magharibi. Huko kusini ziko lugha kama Kisora, na nyingine ndogo kabisa kama Kigutob na Kiremo.

Tuanze na jina lenyewe. Mwaka 1848 Brian Hodgson alikuwa bado anaziweka lugha hizi pamoja na Kitamili na ndugu zake. Ni Max Müller aliyezitenga mwaka 1854 akaziita Munda. Mwaka 1866 George Campbell alipendekeza jina jingine, Kolarian, lililojengwa juu ya neno Kol, ambalo majirani walilitumia kwa dharau. Na jina hilo likatawala kwa miaka mingi katika vitabu vya Waingereza. Jina la Müller lilishinda mwishoni, lakini nalo lina kasoro yake: kwa wenyewe, munda ni mkuu wa kijiji. Wasantali hujiita hor, Wamundari horo, Waho hujiita ho, na Wakorku koro. Maneno yote manne yana asili moja, na maana yake ni «mtu». Wilhelm Bleek alipozipa lugha zetu jina mwaka 1862, alichukua neno letu la «watu», akaandika Bantu. Wenzetu wa Chota Nagpur hawakubahatika hivyo, ingawa neno lilikuwa tayari vinywani mwao.

Hatua kubwa zaidi ya uainishaji ilikuja mwaka 1906. Mwaka huo padri Wilhelm Schmidt alitoa hoja kwamba Kimunda ni tawi moja na lugha za Kimon na Kikhmer, katika jamii aliyoiita ya Austroasia. Aliyeizoea India kama nchi ya Kisanskriti angeshangaa, lakini ushahidi ulikuwapo. Mkono kwa Kisantali ni ti, kwa Kivietnam tay, kwa Kikhmer dai. Jicho kwa Kimundari ni med, kwa Kivietnam mat. Nne kwa Kisantali ni pon, kwa Kikhmer buon. Mwaka huohuo Sten Konow alitoa juzuu la nne la uchunguzi mkuu wa lugha za India ulioongozwa na Grierson, na humo lugha za Kimunda zikapata kwa mara ya kwanza maelezo yaliyopangwa pamoja. Swali la jinsi wasemaji walivyofika India halijafungwa. Mwaka 2019 Felix Rau na Paul Sidwell walipendekeza kwamba walikuja kwa bahari, wakashukia pwani ya Odisha.

Kabla ya wataalamu wa maktaba, lakini, walikuwapo wamisionari. Jeremiah Phillips alitoa kitabu kuhusu Kisantali mwaka 1852. Mwaka 1873 ikafuata sarufi ya Lars Skrefsrud, Mnorwei aliyejifunza lugha za kigeni akiwa gerezani kwao kwa kosa la wizi. Tunamtaja si kwa kisa hicho tu. Mnamo 1870 na 1871 Skrefsrud aliandika kwa imla masimulizi ya mzee Msantali aitwaye Kolean, yakachapishwa kwa Kisantali mwaka 1887. Hivyo nyuma ya sarufi lilikuwapo jina la mwalimu, jambo ambalo sarufi nyingi za enzi ile zilificha. Mrithi wake, Paul Olaf Bodding, alitoa kamusi ya majuzuu 5 kati ya 1929 na 1936.

Je, sarufi hizo zilikuta nini? Kwanza, kiambishi kati. Katika Kimundari dal ni «piga», na dapal ni «pigana»; silabi ya kutendana imeingia ndani ya mzizi, pale ambapo sisi tunaifunga mkiani. Dub ni «kaa», na dunub ni «mkutano», kama vile sisi tunavyotoa «kikao» katika «kaa». Pili, nafsi ya kwanza ya wingi si moja bali nne: alang, mimi na wewe, aling, mimi na yule, si wewe, abu, sisi sote pamoja nanyi, ale, sisi bila ninyi. Mhubiri anayesema «sisi wenye dhambi» kwa kutumia ale amewasamehe wasikilizaji wake wote bila kujua. Tatu, mgawanyo wa vyenye uhai na visivyo na uhai, ambamo jua na mwezi huhesabiwa pamoja na watu na wanyama.

Kitenzi ndicho kinachotuvuta zaidi. Kisantali husema ñelket'koañ, «niliwaona». Ñel ni «ona», ket' ni wakati uliopita, ko ni «wao», a inatia alama kwamba kauli imetimia, na ñ ya mwisho ni «mimi». Viungo vya ni-li-wa-ona vimo karibu vyote, ila mtendaji amekaa mwisho badala ya mwanzo. Tahadhari: irabu a ya Kisantali na irabu a inayofunga vitenzi vyetu hazina undugu wowote. Kufanana kwa maumbo hakuthibitishi ukoo, na mwanafunzi anayetafuta ukoo kwa macho atapotea.

Sasa tumfikie John Hoffmann, Mjesuiti Mjerumani aliyetumikia misioni ya Wajesuiti wa Ubelgiji huko Chota Nagpur. Jimbo hilohilo la Ubelgiji ndilo lililotuma watu wake Kwango kwetu mwaka 1893. Sarufi yake ya Kimundari ya mwaka 1903 ilitoka miaka 3 baada ya Birsa Munda, kiongozi wa uasi wa 1899 na 1900, kufia katika gereza la Ranchi. Chanzo cha uasi kilikuwa ardhi. Wamundari walishika mashamba kwa haki ya ukoo uliofyeka msitu kwanza, na mahakama za wakoloni, zisizoelewa maneno ya haki hiyo, ziliwapa ushindi wenye hati. Hoffmann aliyaeleza maneno hayo, akashiriki katika kuitunga sheria ya upangaji ardhi ya Chota Nagpur ya mwaka 1908. Mara chache mno kazi ya msamiati imeokoa mashamba. Hata hivyo mwaka 1915, kwa kuwa alikuwa Mjerumani, Waingereza walimfukuza. Alikufa mwaka 1928. Ensaiklopedia yake kubwa ya Kimundari ilianza kutoka mwaka 1930, ikikamilishwa na mwenzake Arthur Van Emelen na wengine.

Hoffmann alidai kwamba Kimundari hakina aina za maneno zilizotengana: neno lolote laweza kuwa kiarifu. Buru ni «mlima», lakini ukiliambika viambishi vya kitenzi lasema «rundika». Dai hilo liliishi miaka mia moja, likirudiwa na watu wengi ambao hawakuwahi kukisikia Kimundari. Mwaka 2005 Nicholas Evans na Toshiki Osada walilipinga. Hoja yao ni hii: kama aina za maneno hazipo, basi maana ya buru kama kiarifu ingetabirika, nayo ingekuwa «kuwa mlima», si «kurundika». Pia walihesabu: katika sampuli yao ya msamiati, zaidi kidogo ya nusu ya maneno yalitumika pande zote mbili, yaliyobaki yalikuwa ya upande mmoja tu. John Peterson, akitumia Kikharia, alijibu mwaka huohuo kwamba suala halijaisha, kwa maana hata jina la mtu laweza kubeba viambishi vya wakati. Kwa maoni yetu Evans na Osada wameshinda katika mbinu, kwa kuwa walikubali kuhesabu. Lakini Peterson ana haki ya kudai kwamba kila lugha ya Kimunda ichunguzwe peke yake. Sisi ambao «kusoma» kwetu huchukua kiwakilishi cha kumiliki kama nomino, na papo hapo huchukua yambwa kama kitenzi, tusiharakishe kuhukumu.

Wenyewe nao hawakungoja. Raghunath Murmu alibuni mwaka 1925 alfabeti ya Ol Chiki yenye herufi 30 kwa Kisantali, na Mangei Gomango akabuni ya Kisora mwaka 1936. Ram Dayal Munda, msemaji wa Kimundari, alisomea Chicago, ambako Norman Zide alikuwa amejenga kituo cha masomo haya, kisha akarudi na kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ranchi; alifariki mwaka 2011. Mwaka 2003 katiba ya India ilirekebishwa ili kuongeza lugha 4 katika orodha ya lugha zinazotambuliwa. Kisantali kilikuwamo. Kimundari, chenye ensaiklopedia ya majuzuu 16, hakikuwamo.