Mhamo Mwekundu: Mstari wa Magnesiamu Ulipofika Kwenye Kijani

Tarehe 8 Mei 1997 satelaiti BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilinasa mlipuko wa miali ya gamma usiofikisha hata dakika moja. Milipuko ya aina hiyo ilikuwa imeonekana tangu 1967 na satelaiti za kijeshi za Marekani zilizoitwa Vela, lakini hakuna aliyejua inatokea wapi. Miaka miwili kabla, mjini Washington, mwanaastronomia Donald Lamb alikuwa ametetea hadharani kwamba ipo pembezoni mwa galaksi yetu. Mwenzake Bohdan Paczyński akashikilia kwamba iko mbali kupindukia.

Jibu lilitoka Hawaii. Siku chache baada ya mlipuko, darubini ya Keck II ilielekezwa kwenye mwanga hafifu uliobaki, na spektrografu ikautawanya mwanga huo katika rangi zake. Ndani yake kulikuwa na mistari myeusi: alama za chuma na magnesiamu zilizomo katika gesi ambayo nuru ilipitia. Kila elementi hufyonza nuru ya urefu wa wimbi wake yenyewe, wala haikosei. Mstari mmoja wa magnesiamu, unaopatikana maabara kwenye nanomita 279.6, ulikutwa karibu na nanomita 513. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, kisha toa 1: unapata 0.835. Huo ndio mhamo mwekundu wa gesi ile, na mlipuko hauwezi kuwa karibu kuliko gesi iliyoufyonza mwanga wake. Nuru ilikuwa imesafiri miaka isiyopungua bilioni 7 hivi.

Paczyński alikuwa sahihi.

Lakini nanomita 513 ni kijani! Mstari ulitoka kwenye urujuanimno, usioonekana kwa macho, ukaishia kwenye kijani. Hakuna chochote kilichogeuka chekundu. Istilahi inataja upande ambao mawimbi yameelekea, yaani wa mawimbi marefu, kwa sababu ulimwengu ulitanuka nuru ikiwa njiani na kuyavuta mara 1.835. Kwa mwanafunzi anayeanza, “mhamo kuelekea wekundu” ni istilahi bora kuliko “mhamo mwekundu”. Ile fupi ije akishaelewa.

Galaksi jirani zina mambo yake. Mwaka 1912, huko Arizona, mwanaastronomia Vesto Slipher aliipima Andromeda akakuta mistari imehamia upande wa buluu: inatujia kwa takriban kilomita 300 kwa sekunde. Kwa majirani wa namna hiyo mwendo wa galaksi yenyewe huzidi mtanuko wa ulimwengu, hivyo mhamo hautoi umbali. Miaka ya nuru milioni 2.5 inayotajwa kwa Andromeda imetokana na Sefeidi, nyota ambazo muda wa kupanda na kushuka kwa mng'ao wao hufichua ung'avu wao halisi. Vitabu vyetu vya sayansi vinapotaja umbali wa galaksi, vitaje pia njia iliyotumika kuupima.